Nauli Chee, Bili Nzito: Meli ya Starehe Ilivyotaka Kunivunjia Nyumba

Karatasi iliingizwa chini ya mlango saa sita na nusu usiku. Mimi nilikuwa nimejilaza, nasikia meli ikiyumba taratibu, najiona mume bora Bongo nzima. Shemeji yenu ndiye aliyeinuka kuiokota. Akawasha taa ya kitandani, akasoma mstari kwa mstari kama anavyosoma hesabu za ofisini kwao, kisha akakaa kimya. Mke wangu ni mhasibu. Akikaa kimya mbele ya karatasi yenye tarakimu, ujue kuna kazi.

"Dola mia tano tisini na tisa," alisema.

"Za nini tena?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Februari 2023, usiku wa mwisho wa safari ya siku nne kutoka Durban kwenda visiwa vya Msumbiji na kurudi. Nilikuwa nimemwandalia kama zawadi ya kutimiza miaka mitatu ya ndoa. Tangazo lilisema dola 299 kwa mtu: chumba, chakula mara zote, muziki, bwawa la kuogelea. Wawili dola 598, sawa na kama milioni moja na laki nne za Kitanzania wakati ule. Nikamwambia mwenzangu, "Yaani bei ya kula bata Zanzibar wikiendi mbili tu, halafu tunapanda meli." Akafurahi, akaniuliza maswali mawili matatu, nikamwambia asijali, mambo yote nimeyamaliza.

Ninachofanya kwa kuishi ni masoko. Matangazo ya "kuanzia shilingi kadhaa" nayaandika mwenyewe, najua lile neno "kuanzia" linaficha nini. Lakini mapenzi yana upofu wake, na nadhani hata ujuaji nao una upofu.

Ile 599 ilikuwa nini? Bakshishi ya wahudumu ilikuwa dola 12 kwa mtu kwa siku, hivyo kwa wawili siku nne ni 96. Hiyo hukuombwa, inajiandika yenyewe kwenye akaunti yako. Vinywaji 148, na hapo nakiri mhusika mkuu ni mimi, kwa sababu mwenzangu hanywi. Intaneti 60. Masaji ya wawili 180, ile ambayo dada wa mapokezi alitualika "mje tu muone chumba". Mkahawa wa nyama, tofauti na ule wa bure, 70. Picha tuliyopigwa tukipanda meli, tumeshikana mikono kama Maharusi wa Mwaka, 45. Jumlisha. Meli ilituchaji dola moja zaidi ya nauli yenyewe.

Na bado kulikuwa na kodi na ada za bandari, dola 85 kila mtu, na bima 25 kila mtu, nilizolipa kabla ya safari bila kumwambia. Halafu swali lililonimaliza likaja.

"Hivi, tiketi za ndege ulilipa kwa hela gani?"

Nikajifanya usingizi umenipitia.

"Mume wangu, nimekuuliza."

Ndege Dar hadi Durban kupitia Johannesburg ilikuwa dola 420 kila mmoja. Dola 840. Nilizitoa kwenye akaunti yetu ya pamoja, ile ya bati. Tulikuwa na nyumba iliyofika kwenye linta, tunasubiri kupaua, na kila mwezi kila mmoja anaweka chake pale. Nilikuwa nimejiambia nitarudisha kimyakimya bonasi ikitoka. Bonasi, kama mnavyozijua bonasi, haikutoka.

Jumla ya safari yangu ya dola 598 ilikuwa dola 2,257. Zaidi ya milioni tano na laki mbili. Mwenzangu alizima taa. Hakupiga kelele, na wanaume wenzangu mnajua kwamba bora angepiga. Tulishuka Durban asubuhi kila mtu anakokota sanduku lake, na hali ya hewa ndani ya nyumba haikutengemaa kwa wiki mbili na zaidi.

Kwa nini bei zinapanda

Miaka miwili baadaye, Machi 2025, tulirudi kwenye njia ileile. Nitaeleza ilivyokuwa. Lakini kwanza ujue unapambana na nini, maana nauli ya meli hizi siyo ile tena ya zamani.

Machi 2020 meli za kitalii duniani zilisimama karibu zote kwa sababu ya korona, na kampuni nyingi kubwa hazikurudi kazini hadi katikati ya 2021. Meli iliyoegeshwa inakula hela: mafuta ya kuwasha mitambo, mabaharia wa kuitunza, bandari. Ili zisizame nchi kavu, kampuni zikakopa mno. Carnival peke yake ilifikia deni la zaidi ya dola bilioni 30. Deni hilo linalipwa na nani? Na mimi na wewe tunaopanda.

Mwaka 2022 zilipofungua milango kikamilifu, nauli zilikuwa chini ili kuwarudisha watu waliokuwa bado na hofu. Tangazo langu la dola 299 lilikuwa mkia wa kipindi hicho, ila sikujua. Watu wakarudi kwa fujo. Mwaka 2019 abiria wa meli za kitalii duniani walikuwa karibu milioni 30, na mwaka 2024 wakavuka milioni 34. Januari 2024 Royal Caribbean ikaingiza Icon of the Seas kutoka Miami, jengo la ghorofa 20 linaloelea, lenye uwezo wa kubeba abiria wapatao 7,600. Ungedhani meli kubwa hivyo zingeshusha bei kwa wingi wa vitanda. Wapi! Zinajaa kupita asilimia 100, na hilo si kosa la uchapaji: wao huhesabu watu wawili kwa kila chumba, sasa familia ikiingiza mtoto kitanda cha tatu, hesabu inavuka mia.

Chumba kikijaa mapema, hakuna haja ya kukuuzia kwa bei ya hasara siku za mwisho. Ndiyo maana ule ujanja wa kizamani wa kuvizia mpaka wiki mbili kabla ya safari siku hizi unashika mara chache, hasa kwa sisi wa huku. Hata ukiupata, utalipa kwenye ndege ulichookoa kwenye meli. Mtu anayekaa Durban anaweza kuvizia. Wa Dar, Nairobi au Kampala anavizia kitu gani wakati tiketi ya ndege inapanda kila siku anayongoja?

Halafu bandari nazo zimeamka. Tangu Julai 2025 Ugiriki inamtoza kila abiria wa meli anayeshuka Santorini au Mykonos euro 20 katika miezi ya msimu wa juu, na bandari nyingine za huko euro 5. Huwezi kuilaumu Santorini, watu wanamwagwa pale asubuhi kama soko la Kariakoo mkesha wa Idi, wakinunua sumaku moja ya friji na kurudi melini kula chakula cha bure.

Daftari la mhasibu

Safari ya pili haikuwa wazo langu. Ni yeye aliyesema, Julai 2024, huku bati zikiwa juu ya nyumba tayari: "Ile safari niliipenda. Sikupenda kudanganywa." Akatoa daftari la shule, lile la kurasa 96, akachora mistari. Upande mmoja akaandika "Bei ya tangazo", upande wa pili "Bei ya kweli". Nikapewa kazi ya kupiga simu. Yeye akashika kalamu.

Kitu cha kwanza alichokataa ni mimi kumtajia nauli. Alitaka nimpe jumla ya wawili, kutoka mlango wa nyumba yetu mpaka kurudi mlango wa nyumba yetu, igawanywe kwa idadi ya usiku. Ukifanya hivyo matangazo mengi yanavua nguo. Safari ya usiku mitatu inaonekana rahisi, lakini ndege ni ileile ya usiku saba, kwa hiyo kila usiku mmoja umebebeshwa ndege zaidi.

Cha pili ni tarehe. Njia za Afrika Kusini hufanya kazi kipindi chao cha joto, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi au Aprili. Katikati ya Desemba hadi shule zinapofunguliwa Januari, familia za kule zinajaza meli na bei inaruka. Pasaka vivyo hivyo. Kwa wanandoa wasio na watoto wa shule, wiki za Februari na Machi ni za kwenu. Tatizo ni kwamba ndizo za vimbunga kwenye Mlango wa Msumbiji. Wiki chache tu baada ya safari yetu ya kwanza, tarehe 24 Februari 2023, Kimbunga Freddy kilitua Msumbiji, na Machi kikarudi tena. Meli huwa haiendi kupigana na kimbunga, inabadili njia. Hata bila kimbunga, kule hakuna gati, mnashushwa kwa boti ndogo, na wimbi likiwa kubwa kisiwa mtakitazama kwa mbali. Ada ya bandari mnarudishiwa, nauli hapana. Kwa hiyo yule anayekwenda kwa ajili ya ufukwe tu, aende akijua anacheza bahati nasibu kidogo. Sisi tuliamua meli yenyewe ndiyo safari.

Cha tatu kilimfurahisha mno, maana kilikuwa ushindi wake binafsi. Tulitoa kianzio Julai, bei ikiwa dola 410 kwa mtu. Malipo yote huwa yanatakiwa kama siku 60 hadi 90 kabla ya safari, inategemea kampuni. Watu wengi wakishatoa kianzio wanasahau. Yeye kila Jumatatu alikuwa anaangalia bei ya chumba kama kile. Novemba ikashuka mpaka 365. Akampigia wakala, kwa sauti ile ya upole inayoniogopesha, akasema, "Dada yangu, naona bei imeshuka, tafadhali nirekebishie." Dada akazungusha maneno kidogo. Mwenzangu akamkumbusha kwamba siku ya malipo ya mwisho haijafika na masharti yanaruhusu. Dola 90 zikarudi, mbili mbili za 45. Ungepita siku ile ya mwisho, ungebaki na bei yako ya zamani ukimsikiliza jirani wa chumba akijisifu.

Chumba tulichukua cha ndani, kisicho na dirisha. Chenye kibaraza kilikuwa karibu mara mbili. Nilijitetea kidogo: jamani, mapenzi, jua linachomoza baharini, kahawa mkononi. Akaniuliza safari ya kwanza tulikaa chumbani mchana saa ngapi. Sikuwa na jibu. Jua linachomoza hata ukiwa ghorofa ya juu, na kule halina bei. Kwa wanaopata kichefuchefu, ombeni chumba cha chini na katikati ya meli, panayumba kidogo kuliko puani au mkiani. Maji ya nje ya Durban si ya mchezo. Ila nawatahadharisha: chumba cha ndani ukizima taa ni giza la kisima. Tulilala mpaka saa nne asubuhi, tukakosa chai.

Kuna bei rahisi zaidi, ile unayokubali kampuni ikuchagulie chumba chochote cha daraja hilo. Mkiwa hamna shida ya mahali, ichukueni. Kuna pia ujanja wa kulala wanne, maana mtu wa tatu na wa nne chumba kimoja mara nyingi hulipa kidogo mno. Rafiki zetu wawili walitushawishi tugawane chumba, wao vitanda vya juu, sisi chini. Tulikataa kwa heshima. Ndoa ina siri zake.

Na wewe uliye peke yako, pole. Chumba kinauzwa kwa wawili, kwa hiyo mara nyingi utalipa nauli na nusu hadi mbili. Tafuta dada au rafiki.

Ukishapanda

Kumbuka meli haiuzi chumba tu, inakuuza wewe mwenyewe kwa wenye maduka yake. Kila kitu kinalipwa kwa kile kikadi cha mlango, na kikadi hakiumi kama noti inavyouma. Sisi safari ya pili tuliweka fedha taslimu mapokezi badala ya kuunganisha kadi ya benki. Kama unatumia kadi ya kawaida ya kutolea mshahara, fahamu kwamba meli inaweza kuzuia kiasi fulani kwenye akaunti kila siku, na kikachukua siku kadhaa kuachiwa hata kama hukukitumia. Kuna mshkaji wangu aliyefika nyumbani akashindwa kununua umeme huku hela yake ipo, inamtazama.

Kifurushi cha vinywaji kinavutia sana kwenye karatasi. Shida ni kwamba kampuni nyingi zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wakinunue. Mmoja akiwa mnywaji na mwingine wa juisi, mmelipia pombe ya hewa. Kilikuwa kama dola 40 kwa mtu kwa siku. Kwa wawili siku nne, 320. Mimi hata nikijitahidi vipi sifiki. Maji, chai na kahawa kwenye ukumbi wa chakula vilikuwa bure, na nilinunua bia mbili kila jioni nikiandika daftarini kama mtoto wa shule.

Simu weka hali ya ndege kabla meli haijaacha gati. Mitambo ya meli ina mtandao wake wa setilaiti, na simu ikiudaka, utakuja kusimulia. Hatukununua intaneti kabisa. Siku nne bila kushika simu, nilishangaa kugundua mke wangu ana hadithi za utotoni Tanga ambazo sijawahi kuzisikia. Masaji mkiitaka, ulizieni siku meli imetia nanga na watu wameshuka, ndipo wanapunguza. Kisiwa cha Wareno, pale jirani na Inhaca kwenye ghuba ya Maputo, mnaweza kukizunguka kwa miguu bila kulipia ziara yoyote. Tulizunguka, tukaokota makombe, tukachomwa na jua.

Jambo jingine moja la lazima: fikeni siku moja kabla. Safari ya kwanza tulitua Durban saa tano asubuhi siku ya kuondoka, ndege ikiwa imechelewa Johannesburg, tukakimbia bandarini jasho linatutoka. Meli haisubiri ndege yako. Dola 55 za hoteli ni bima nzuri kuliko ile ya karatasi. Watanzania na Wakenya Afrika Kusini tunaingia bila viza kwa siku 90 (Wakenya tangu Januari 2023), na hilo lenyewe ni punguzo kubwa ambalo halitangazwi. Kadi ya njano beba tu, usibishane na mtu wa uhamiaji.

Sasa hesabu ya pili. Nauli 730 kwa wawili. Bandari na kodi 190. Bakshishi, ambayo nayo ilikuwa imepanda kufika dola 13, ikawa 104. Bima 50. Ndege, zilizonunuliwa mapema, 690. Hoteli 55. Mengine yote ya melini, bia zangu zikiwemo, 72. Jumla dola 1,891. Nauli ilikuwa imepanda kwa zaidi ya asilimia 20 kutoka ile ya 2023, na sisi tukatumia dola 366 pungufu. Karatasi ya usiku wa mwisho ilipoingizwa chini ya mlango, hakuna aliyeamka kuiokota. Tuliikuta asubuhi tumeikanyaga.

Sasa hivi kuna ukurasa mpya daftarini, unaitwa Ugiriki. Hapo viza ya Schengen inaingia kwenye nauli, euro 90 kila mtu na hazirudi hata ukinyimwa, tena inabidi iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inapita Uturuki. Ile ada ya Santorini imo. Nimependekeza Oktoba mwishoni, watu wakiwa wamepungua. Nimeandika jumla kwa mkono wangu, nimepiga mstari mara mbili chini yake. Jana nimelifungua daftari nikakuta pembeni ya jumla ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hela ya ndege ipo akaunti gani?"